Kupanga upya bustani ndogo ya nyumbani hapa Goma: maswali yenye watu wanauliza kila mara

Hapa nimeweka pamoja maswali yenye wamama, wababa na vijana wananiuliza kila mara juu ya kupanga upya kile kiwanja cha mbele ao cha nyuma ya nyumba, kile chenye kinabeba bido, makala, kamba ya nguo, pikipiki, watoto, na saa ingine kuku pia. Nimejibu nikifikiria Goma, juu mawe yetu na shida yetu ya maji sio kama ya Bukavu ao Lubumbashi kwenye mtu anapiga jembe na udongo unatoka. Kama uko kwingine utapata vya kukusaidia, ila mambo ya udongo na mashimo soma vizuri mbele ya kuyafwata.

Kiwanja changu ni kidogo sana, labda mita nne kwa tano, hiyo kweli inaweza kuwa bustani?

Inaweza. Mita 4 kwa 5 ni mita mraba 20, toa njia ya kutoka mlangoni hadi porte, toa mahali pa kuanika nguo na pa watoto kuchezea, utabaki na mita mraba saba ao nane za kupanda, na hizo zinatosha familia kuona maua kila siku na kuchuma lengalenga bila kwenda sokoni. Tena usihesabu chini tu. Ukuta wa mita 5 wenye kimo cha mita 2 unakupa mita mraba 10 zingine za kupandisha marakuja ao bugenvilia, na watu wengi wanausahau kabisa huo ukuta, wanauacha mweusi vile ulijengwa.

Kiwanja kidogo kina faida yake, udongo wa kununua ni kidogo, maji ni kidogo, na mtu mmoja anaweza kukitunza asubuhi mbele ya kwenda kazini.

Naanzia wapi, maua ao udongo?

Unaanzia na vitu. Najua jibu hili linachosha watu wenye walikuwa wameshafikiria rangi, lakini nalisema kwa moyo wote juu naliona kila mahali: bustani za hapa kwetu haziharibike juu ya kukosa maua, zinaharibika juu vitu havina pa kukaa. Mtu anapanda dalia nzuri, majirani wanasifu, wiki mbili kisha bido ya maji imewekwa juu yake, kisha bafu, kisha gunia ya makala, na si kwamba watoto ni wabaya ao bibi hana heshima kwa maua, ni vile hakuna mtu alionyesha bido mahali pake.

Basi chukua asubuhi moja, toa kila kitu kwenye kiwanja, kila kitu, kisha gawanya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vya kila siku: bido, babula, mabafu, ufagio, viatu vya matope. Fungu la pili ni vitu vya wiki, kama jembe, arozwari, ndoo ya komposti, baiskeli ya mtoto. La tatu ni vitu vyenye vinalala tu, tole zilizobaki, mbao za ujenzi, mlango wa zamani, rangi iliyobaki kwenye mkebe. Vya kila siku vinakaa hatua chache kutoka mlango wa jiko, vya wiki vinaweza kwenda mbali kidogo, na vyenye vinalala vinaenda kona ya mwisho kabisa ao vinauzwa. Ukiona fungu la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na mara nyingi ndivyo inakuwa, uza ao gawa, juu unalisha nafasi yenye ingekulisha wewe.

Kisha siku mbili tatu angalia tu. Jua linapiga wapi asubuhi, saa sita, saa kumi. Watu wanapita wapi kweli, sio kwenye wewe ungependa wapite. Kama watoto wanakata kona kila siku kwenda choo, hapo ni njia, usipande kitu hapo, utapigana nao mwaka mzima. Chora kwa kipande cha makala chini kwenye simenti ao kwenye kartoni, inatosha.

Depo ya vitu inakuwa kubwa namna gani, na inajengwa na nini?

Kwa familia ya watu sita saba, depo ya mita 2 urefu, sentimita 80 upana, na kimo cha mita 1 na nusu upande wa mbele inabeba karibu kila kitu cha kiwanja. Upande wa nyuma ushushe kidogo, kama sentimita 15 hadi 20, ili mvua ishuke nyuma. Mbao tuko nazo, mafundi wa Goma wanajenga nyumba nzima za mbao kwa hiyo depo ni kazi ya siku moja kwao, juu unaweka tole moja ao mbili.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni miguu. Mbao isiguse chini. Iweke juu ya mawe ya volkano, sentimita 15 inatosha, hewa ipite chini, mchwa uonekane mapema na maji ya mvua yasiozeshe mbao za chini. Cha pili ni kugawanya ndani, juu depo yenye iko kama sanduku tupu inageuka fujo kwa wiki moja. Upande mmoja acha wazi kutoka chini hadi juu kwa makala na vitu virefu, upande mwingine weka rafu mbili, chini bido nne za lita 20, juu vyombo vidogo. Ndani ya mlango piga misumari, tundika jembe, mkasi, kamba, kila kitu na msumari wake, na watoto wenyewe wanajua kurudisha.

Cha tatu, paka rangi. Rangi ya kijani nzito ao bluu kwenye depo inabadilisha kiwanja kizima, na mbao inadumu. Na kadena usisahau, kila mtu anajua vile vitu vinatembea.

Kama pesa haitoshe kwa depo, tengeneza benchi yenye kifuniko, kasha refu la sentimita 45 kimo chenye mtu anaweza kukalia, ndani unaweka vitu vya wiki. Inafanya kazi mbili, mgeni anakalia, na jembe liko chini yake.

Makala niweke wapi? Inachafua kila kitu.

Mahali pakavu, pa juu kidogo, mbali na kamba ya nguo na upande wenye upepo hautaleta vumbi yake mlangoni. Gunia isimame juu ya mbao ao mawe, sio juu ya udongo, makala yenye imenyonya maji inatoa moshi mwingi na unachoma pesa bure. Weka kibafu cha zamani mbele yake kwa kuchotea, hiyo peke yake inapunguza uchafu sana.

Mambo mawili ya usalama na tafadhali usiyapite. Babula yenye bado iko na moto usiiingize kwenye depo ya mbao hata kama umeona imezima, acha ipoe kabisa nje. Na esansi ya jenereta ao ya pikipiki isikae depo moja na makala.

Naweza kuchimba shimo niweke vitu chini, ili nipate nafasi juu?

Hapana, na hili nalijibu kwa ukali kidogo. Kwanza kwenye kartie nyingi utakutana na mwamba mbele ya kufika goti. Lakini sababu kubwa ni mazuku. Wazee wetu walipatia hii hewa mbaya jina mbele ya wataalamu kuja: ni gesi ya kaboni, kaboni dioksidi, yenye inatoka ndani ya ardhi ya volkano, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kujaa kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haina rangi. Inaua mbuzi, mbwa, inaua na watu. Upande wa magharibi wa mji, kutoka Himbi na Kyeshero kwenda Mugunga hadi Sake, sehemu zenye mazuku zinajulikana, na watu wa OVG, wale wenye wanachunga volkano, wanazifwatilia.

Basi usichimbe depo ya chini, usichimbe shimo kubwa la komposti na kuliacha wazi kwenye watoto wanacheza, na kama kiwanja chako kina kona yenye imeshuka kuliko zingine, kona yenye umeshaona panya ao ndege wamekufa bila sababu, weka watoto mbali na uulize wazee wa kartie na OVG mbele ya kufanya lolote. Komposti unaijenga juu, sio chini.

Kwangu ni mawe matupu, lava ya 2002, hakuna udongo hata wa kujaza ndoo. Nafanya aje?

Karibu, wewe ni mtu wa Goma. Ile lava ya tarehe 17 januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wamejenga juu yake, wamezaa juu yake, na kupanda pia wanapanda. Siri ni kuacha kufikiria bustani kama kitu cha kuchimba. Kwetu bustani inajengwa kwenda juu.

Chukua yale yale mawe yenye yanakusumbua, panga kuta fupi bila simenti, kimo cha sentimita 30 hadi 40. Mawe ya lava yanashikana vizuri juu yana meno meno. Upana usipite mita 1 na sentimita 20 kama unafikia pande zote mbili, na kama kitanda kimegusa ukuta usipite sentimita 60, ili mkono ufike mwisho bila kukanyaga ndani. Chini kabisa, juu ya mwamba, weka kwanza kartoni na magunia ya zamani, juu lava iko na nyufa nyingi, ukimwaga udongo moja kwa moja mvua inauteremsha wote kwenye nyufa na baada ya masika mawili unashangaa umeenda wapi. Kisha tandika majani makavu, vijiti, maganda ya ndizi, halafu udongo.

Hesabu kabla ya kununua. Kitanda cha mita 2 kwa mita 1, kimo sentimita 30, kinakula lita 600, hiyo ni bido 30 za lita 20, ao bruweti kama kumi. Theluthi ya chini ukijaza majani na takataka za jiko, udongo wa kununua unapungua sana, ila ujue kitanda kitashuka kikioza, utaongeza mwaka wenye unafwata. Lengalenga, vitunguu na maua madogo yanatosheka na sentimita 20 za udongo. Dalia, nyanya na kana zinataka 30. Bugenvilia na marakuja wapatie kona yenye ufa ao shimo la asili, watajitafutia wenyewe mizizi chini, mawe ya lava hayawaogopeshe.

Udongo naupata wapi na nachanganya na nini?

Kuna watu wanauza udongo mweusi kwa gunia ao kwa kamioni, na chukudu inakuletea hadi mlangoni. Shika mbele ya kulipa. Udongo mzuri ni mweusi, laini, unanusa kama msitu baada ya mvua, na ukiufinya unashikana kisha unavunjika ukiugusa. Kama ni vumbi tupu yenye inapita vidoleni, ao uko na vipande vya chupa na plastiki, mrudishie.

Changanya mafungu mawili ya udongo na fungu moja la mbolea yenye imeoza. Mbolea ya mbuzi, sungura na kobayi ni nzuri sana, ya kuku ni kali, iache ioze miezi miwili mitatu mbele ya kuitumia, ukiitumia mbichi inachoma mizizi. Majivu ya babula mkono mmoja kwa mita mraba mara moja moja, basi, sio kila siku kama wengine wanafanya.

Tena kuna mbolea ya bure yenye watu wanapita pembeni yake kila siku. Ile mimea mirefu ya maua ya njano kama alizeti ndogo, iko pembeni ya barabara na kwenye ua za vijijini, jina lake ni tithonia. Majani yake na matawi laini yanaoza haraka na yana chakula kingi cha mimea. Kata, katakata, fukia juu juu kwenye kitanda, ngoja wiki mbili ao tatu, kisha panda. Hakuna ya kununua yenye itakupatia hivyo kwa bei ya jasho tu.

Maji ya kunywa yenyewe ni shida, nitapata wapi ya kumwagilia maua?

Swali la haki. Mtu mwenye anabeba bido kutoka ziwani hawezi kumwagilia maua na maji hayo, na sitamwambia afanye hivyo. Jibu liko juu ya nyumba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya tole ni lita 1. Kwa hiyo nyumba ya mita 5 kwa 6, mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 600, ukitoa yenye inapotea labda unabaki na 480, hiyo ni bido 24. Mvua moja! Na sisi tuko na mvua nyingi tangu septemba hadi desemba, tena machi hadi mei, kwa hiyo gutiere hata ya upande mmoja na pipa ya lita 200 ni kitu cha kununua mbele ya ua lolote.

Weka pipa juu ya mawe, sentimita 40 ao 50, ili arozwari ipite chini ya robine. Maji ya kwanza baada ya siku nyingi bila mvua yaache yaende, yanasafisha vumbi na majivu ya volkano kwenye tole. Funika pipa kwa tamba safi yenye imefungwa na mpira, juu mbu anahitaji wiki moja tu hivi kutoka yai hadi kuruka, na hatutaki bustani ilete malaria. Kwa watoto wadogo kifuniko ni lazima hata bila mbu.

Maji ya kuosha mboga na mchele mwagia mimea, ni mazuri. Maji ya sabuni ya nguo kidogo kwenye bugenvilia haiue, lakini kwenye mboga hapana, na yenye iko na javel usimwage kwenye mmea wowote.

Kipindi cha kiangazi, juni hadi agosti, tandaza majani makavu sentimita 5 juu ya udongo. Lava nyeusi inashika joto na kitanda kinakauka haraka pembeni, hayo majani yanaokoa maji mengi. Mwagilia jioni, chini kwenye mizizi, polepole.

Nataka rangi! Nipande nini?

Sasa tufike kwenye utamu. Goma iko kwenye kama mita 1500 juu ya bahari, baridi ya usiku iko, joto kali hakuna, jua liko, kwa hiyo maua mengi yenye yanateseka Kinshasa kwetu yanafurahi. Dalia kwa mfano asili yake ni milima ya Mexico, ndiyo maana inajisikia nyumbani hapa. Panda viazi vyake mvua ya septemba ikianza, weka kijiti pembeni ya kuifungia, utapata nyekundu, njano, zambarao, nyeupe, miezi na miezi.

Ushauri wangu wa kwanza kuhusu rangi: angalia ukuta wako. Kama ni wa mawe ya lava, ni mweusi, na mbele ya mweusi rangi ya machungwa, njano na nyekundu zinawaka, ila zambarao nzito na bluu zinapotea hata ukipanda kumi. Kwa hiyo ukutani weka kana nyekundu, tageti za machungwa, bugenvilia ya pinki ao ya machungwa. Bluu ya agapanti ilete mbele, karibu na njia, kwenye macho yako yanafika chini, ao mbele ya kitu cheupe.

Wa pili: chukua rangi tatu, panda nyingi nyingi za aina moja pamoja. Watu wananunua mmea mmoja mmoja wa kila aina, mwisho kiwanja kinaonekana kama meza ya muuzaji wa Birere, kila kitu kiko na hakuna chenye unaona. Tageti kumi pamoja zinashinda aina kumi tofauti.

Virefu nyuma, vifupi mbele, hiyo kila mtu anajua. Kwenye kivuli cha ukuta, kwenye maua ya jua yanakataa, weka koleusi, majani yake yenyewe ni rangi, nyekundu na kijani na njano, na empasienti. Kwenye mikebe ya maziwa na ya mafuta yenye umetoboa chini, jeraniumu dirishani. Kapusini zinatambaa na kushuka kwenye mawe vizuri sana, maua yake ya machungwa yanaliwa na majani pia, yana ukali kidogo, watoto wanapenda kujaribu.

Bugenvilia nayo ina mambo yake. Inataka jua siku nzima na miguu mikavu, ukiimwagilia sana inaleta majani bila rangi. Rangi yenyewe unayoiona ni majani laini yenye yamezunguka ua dogo jeupe katikati, ndiyo maana inadumu wiki nyingi. Ina miiba, kwa hiyo isikae karibu na kamba ya nguo wala njia ya watoto.

Naweza kuchanganya maua na mboga? Mama mkwe anasema maua hayaliwe.

Mama ana haki kutaka chakula, na bustani ndogo haina nafasi ya kuchagua upande. Changanya. Lengalenga nyekundu ni nzuri kuliko maua mengi. Pilipili ikikomaa ni nyekundu na njano, puwaro inasimama kama majani ya mapambo, betrave ina mishipa myekundu, marakuja inaleta ua la ajabu kisha tunda. Tageti kati ya nyanya inapunguza vidudu vidogo vya mizizi ndani ya udongo, kwa hiyo hata Mama atakubali ziko na kazi. Mpatie kitanda chake mwenyewe karibu na jiko, seleri, kitunguu cha majani, persi, na usimwambie namna ya kukipanga.

Mimea gani ni hatari kwa watoto?

Ile yenye maua makubwa yanashuka kama tarumbeta, meupe ao ya machungwa, inanusa vizuri usiku, watu wanaipanda kama uzio, ni sumu yote kutoka jani hadi mbegu. Loriye rozi pia, yote ni sumu, usiichomee nyama. Mimea ya uzio yenye inatoa maziwa meupe ukiivunja, maziwa yake yakiingia jichoni ni maumivu makali na yanaweza kudhuru kuona, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Difenbakia ya ndani ya nyumba mtoto akitafuna jani mdomo na ulimi vinavimba. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, kwangu mimi hizi hazina nafasi, kuna maua mengine mengi.

Watoto watacheza wapi?

Waache mita mbili kwa mbili zenye ziko wazi kabisa, karibu na mlango kwenye unawaona ukiwa jikoni. Gravie ya lava inakata magoti, kwa hiyo hapo weka mchanga ao nyasi ya kutambaa, gravie iende kwenye njia. Njia yenyewe isiwe chini ya sentimita 80, mtu mwenye amebeba bido mbili anahitaji kupita bila kuvunja maua. Na mpatie kila mtoto mkebe wake wa kupanda, alizeti ni nzuri, mbegu ni kubwa, inatoka haraka, na kesho yake anakuja kuangalia mwenyewe.

Mimi ni lokateri, bayeri anaweza kunifukuza mwezi wenye unakuja. Nijenge vitanda vya mawe?

Usijenge. Panda kwenye vitu vyenye vinabebeka. Gunia ya kilo 50 ya sukari ao ya unga: simamisha mkebe usio na chini na juu katikati, jaza mawe madogo ya lava ndani yake, zungusha udongo nje, vuta mkebe juu, jaza tena, hadi juu. Unabaki na nguzo ya mawe katikati yenye inapitisha maji hadi chini. Toboa gunia pembeni, panda lengalenga na kapusini kwenye matobo, juu panda vitunguu. Gunia moja ina mimea mingi kuliko mita mraba ya chini. Bido zenye zimepasuka zikate kwa urefu, toboa chini, zipake rangi moja zote, zipange kwenye rafu ya mbao. Depo yako iwe ile benchi yenye kifuniko, siku ya kuhama inapanda kwenye chukudu.

Ukitaka kupanda kitu cha kudumu, ongea na bayeri mbele. Wengine wanakubali kupunguza kidogo ukiwapandia ua zuri, lakini hiyo iandikwe.

Moshi na majivu ya volkano yanaharibu maua?

Ndiyo, saa ingine. Ikinyesha wakati moshi uko mwingi, mvua inakuwa na asidi, majani laini yanapata madoa ya kahawia. Majivu yakishuka, osha majani kwa maji safi kidogo mbele ya jua kuwaka, osha pia mboga vizuri mbele ya kupika. Yale majivu kidogo kidogo yakiingia udongoni hayana shida, na miaka mingi baadaye ndiyo inafanya udongo wa huku kuwa tajiri.

Kuku wanakwarua kila kitu.

Vijiti vyenye miiba vya bugenvilia uliyokata, vilaze kati ya miche hadi ikuwe. Ao funga kuku hadi saa kumi.

Niko na pesa kidogo, nifwate mpango gani?

Julai na agosti, wakati kumekauka, toa vitu, jenga depo ao benchi, panga mawe, anza kurundika majani. Mwisho wa agosti weka gutiere na pipa, jaza udongo. Septemba panda. Kama pesa inatosha kitanda kimoja tu, fanya kimoja, kile chenye unakiona ukifungua mlango, cha pili kitakuja na masika ya machi. Maua yenyewe karibu usinunue, omba vipandikizi.

Vipandikizi vinafanyiwa aje? Vyangu vinakufa kila mara.

Mara nyingi vinakufa kwa maji mengi. Bugenvilia na hibiskusi, kata tawi gumu lenye unene wa kalamu, sentimita 15 hadi 20, toa majani, zika nusu kwenye udongo wenye umechanganya na mchanga, weka kivulini, udongo uwe na unyevu tu usilowe, na usivute kuangalia kama mizizi imetoka. Zinaweza kuchukua hata miezi miwili. Jeraniumu ni tofauti, ukishaikata iache ikauke kidonda nusu siku hadi siku moja mbele ya kuipanda, ukiipanda mbichi inaoza. Koleusi weka tu kwenye gilasi ya maji dirishani, wiki moja ao mbili mizizi iko. Kana na agapanti unagawanya shina la chini, na dalia ikishakauka chimba viazi vyake, vikaushe kivulini, vihifadhi kwenye rafu ya juu ya depo ndani ya kartoni yenye majani makavu, mbali na panya, na ukigawanya hakikisha kila kiazi kimebaki na kipande cha shina chenye jicho, bila hilo jicho hakitaota hata ukimwagilia hadi krismasi.